Herufi za Harusi kwa Bagika

Nyanjige alikuwa fundi wa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Bariadi, na kwa kuchagua herufi hakuna aliyemfikia. Kadi ya harusi aliipa herufi nyembamba zenye mikia. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, nao wakamiminika, kila mmoja akitaka bango lake, aliwapa herufi nene za mbao, za kusomeka hata na mtu aliye juu ya mkokoteni.

“Herufi ni nguo,” alipenda kusema. “Huendi kulima na shela.”

Mwaka 1995, baada ya mavuno, likaja bango la mashindano ya ngoma kati ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya Wasukuma vinavyotambiana tangu enzi za mababu. Nyanjige akaipanga BAGALU kwa herufi nene. Kufika BAGIKA, lo! A za mbao zilikuwa tatu tu, na Bagalu wamekwisha kula mbili. Bango lilitakiwa jioni ileile. Akawapa Bagika herufi za harusi, akajidanganya kwamba hakuna atakayeona. Msukuma gani huyo asiyeona?

Kesho yake Mahona, kiongozi wa Bagika, alisimama mlangoni na bango mkononi, akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu. Kwa hiyo Bagalu ndio madume, sisi mabibi harusi?”

Nyanjige aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, akaomba radhi. Januarius, mwenye kiwanda, hakutaka kusikia.

“Bagika wasipotokea uwanjani, Jumatatu usije kazini.”

Mahona alilitazama bango kitambo, akalikunja, akaondoka.

Jumamosi Nyanjige alikwenda uwanjani roho juu. Katika mashindano haya mshindi ni anayevuta watu wengi, na watu wote walikuwa kwa Bagalu. Kwa Bagika palikuwa patupu.

Mara vigelegele! Mahona huyo, na masharubu yake, anaingia amevaa shela, nyuma yake wanaume ishirini wamejitanda vyandarua, wanatembea kwa madaha. Uwanja mzima ukahama. Nyanjige alicheka mpaka akakaa chini, na machozi ya kupona yakamtoka humohumo.

Jumatatu alimkuta kiongozi wa Bagalu kiwandani, na Januarius amemwekea fundi wake kiti.

“Mayu, mwakani zile herufi za harusi utupe sisi.”

“Herufi ni nguo, bhabha,” alisema Nyanjige. “Kwanza nione mashela.”