Kinyota cha Mtoto wa Mwisho

Vijana ninaowaona siku hizi wakiandika programu hawana habari na kile ambacho kompaila yao, ile inayowatafsiria kwa mashine, inaandika. Wanabonyeza, wanasubiri, mambo yanakwenda, basi. Sisi tuliisoma kompaila. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika chumba kimoja cha kiwanda cha kuchambulia pamba mjini Shinyanga, nilisoma karatasi zake kwa hamu ya mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Sioni haya kusema kwamba chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizowahi kuishi.

Kilikuwa chumba pekee chenye kiyoyozi kiwandani, kwa hiyo wageni hawakukosekana. Mhasibu alikuja kuuliza saa ilhali mkononi ana saa. Nje kulikuwa na vumbi, nyuzi za pamba zikielea hewani na harufu ya mbegu zilizorundikwa. Ndani kulikuwa na baridi na mashine yenye ukubwa wa kabati la nguo. Ililetwa kwa kibali, maana enzi zile kompyuta hukuiingiza nchini hivi hivi tu, na tuliotakiwa kuihudumia tulikuwa wawili. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Didia, binti wa mkulima, niliyepelekwa kozi Dar es Salaam na kurudi na cheti. Mkuu wangu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Shinyanga, ambaye baba yake aliuza vitambaa karibu na soko. Alisema Kisukuma kwa madaha. Mkulima akichungulia dirishani, yeye ndiye aliyewahi kumsalimu “mwadila” kabla mgeni hajafungua mdomo.

Kazi yetu ilikuwa mizani ya magari. Lori lilipimwa likiingia na pamba, likapimwa tena likitoka tupu, na tofauti ndiyo pamba ya wakulima. Kwa miaka mingi karani alifanya hesabu hiyo kwa kalamu, na alikuwa hodari. Mashine yetu ilisoma mizani yenyewe na kuchapa stakabadhi, ila ilikuwa nzito. Karani alimaliza na kunywa maji, sisi bado tunasubiri. Meneja akatuambia bila kutuonea haya kwamba msimu ukifunguliwa na mashine bado inashindwa na kalamu, itapelekwa Dar es Salaam, na nafasi yangu itafutwa. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini.

Hapo ndipo tulipoanza kusoma karatasi za kompaila. Programu tuliiandika kwa lugha inayokaribia ya binadamu, kisha kompaila ikaivunja kuwa amri ndogo ndogo ambazo mashine inazielewa: chukua namba hii, zidisha, toa, weka pale. Namba zinapofanyiwa kazi hukaa mahali padogo panapoitwa rejista. Mashine yetu ilikuwa na rejista nane tu, hivyo kila moja ilitumika, ikaachiwa, ikatumika tena kwa jambo jingine. Na pembeni ya kila amri kompaila ilichapa maelezo: amri hii inachukua kutoka rejista gani, inaweka kwenye rejista gani, na inategemea amri ipi iliyotangulia.

Mkuu wangu aliona kwamba kuzidisha, kule kunakogeuza namba za mizani kuwa kilo, ndiko kunakotuchelewesha. Mashine ikizidisha, amri zinazofuata zinasimama tu. Akasema tutafute amri zisizo na undugu na kule kuzidisha, tuzisogeze juu, zifanye kazi wakati nyingine zinasubiri. Ili kujua nani ana undugu na nani, tulihitaji yale maelezo ya pembeni.

Tukaazima vikombe vinane vya bati kantini na kuvipanga mezani, kila kimoja rejista yake. Mbegu za pamba zikawa namba. Mmoja alisoma amri kwa sauti, mwingine alihamisha mbegu. “Cha tatu bado kina uji,” mkuu wangu alikuwa akisema, maana yake namba iliyomo bado inahitajika, usiimwage. Mama wa kantini aliingia siku moja kudai vikombe vyake, akakuta watu wazima wawili wamevijaza mbegu. Alituuliza kama mshahara tunalipwa kwa kucheza bao. Tulimjibu kwa heshima zote, lakini vikombe hatukumrudishia.

Majina ya amri niliyabuni mimi. Kusema “amri ya tisa ambayo amri ya kumi na mbili inaitegemea” kulinichosha, nikaanza kusema “Mama Kumi na Mbili”, kama tunavyowaita akina mama wote kwa mtoto. Mkuu wangu alicheka mpaka akatoa miwani. Kuanzia hapo chumba kizima kikawa kitongoji: Mama Kumi na Mbili, Mama Ishirini, Baba Kumi na Tisa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena kazini.

Jumapili nilikwenda Didia kwa mama yangu. Yeye pia aliitwa kwa mtoto, na mtoto huyo hakuwa mimi. Alikuwa kaka yangu, kifungua mimba, na mimi ndiye kitinda mimba. Sijawahi kumsikia mtu yeyote akimwita mama kwa jina langu. Nikiwa mdogo jambo hilo liliniuma, nikanuna, nikachekwa, likapita.

Kaka alikuwa Geita akichimba dhahabu. Alikuwa na sehemu yake katika duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mwaka ambao duara lilimkubali alijenga nyumba ya bati. Kila baada ya mavuno alikuja kumchukua mama, na kila mara alirudi peke yake. Nyumba ya Didia ilikuwa ya nyasi na ilivuja. Magoti ya mama yalivimba, maji aliyafuata mbali, na jembe hakuliacha. Kaka akimsihi, mama alimwonyesha mimi kwa kidevu na kusema, “Huyu sijamalizana naye.”

Alimaanisha kazi yangu. Alikuwa amewaona mabinti waliopelekwa mjini na vyeti kisha wakarudi na sanduku, na alitaka, nikirudi, nimkute jikoni. Nilichukia kuwa sababu ya yeye kuinamia jembe. Niliyataka magoti yale yapumzike chini ya bati la kaka. Kwa hiyo, wakati meneja akidhani napigania kompyuta yake, mimi nilikuwa napigania safari ya mama.

Siku chache kabla ya msimu tukaiingiza programu iliyopangwa upya na kuita lori la kiwanda lije lipimwe kwa majaribio. Kasi ilikuwa nzuri ajabu. Stakabadhi ilitoka kabla karani hajafungua kalamu. Dereva akaisoma, akaisoma tena, akaniuliza kwa upole kama leo pamba ndiyo iliyobeba gari. Namba ilikuwa chini ya sifuri.

Mkuu wangu alifunga mlango, akapanga vikombe, akaniambia nisome. Nikasoma amri moja moja. Mama Kumi na Mbili aliweka uzito wa lori lililojaa kwenye kikombe cha tatu. Amri ya kumi na mbili ikaja, ikachukua nakala yake kwa ajili ya stakabadhi. Baada yake tulikuwa tumesogeza amri ngeni ijaze nafasi ya kusubiri, nayo ikamwaga kikombe cha tatu na kuweka vitu vyake. Nikaendelea kusoma. Ilipofika amri ya thelathini na moja, ile ya kutoa uzito wa gari tupu, ikanyoosha mkono kwenye kikombe cha tatu na kukuta mbegu za mtu mwingine.

Tulitazamana. Amri ile ya tisa ilikuwa na watoto wawili, na sisi tulikuwa tumeiita kwa wa kwanza tu, kama kawaida yetu. Wa kwanza alipokwisha kuchukua chake, tukaona mama amemaliza kazi.

Mkuu wangu akaivuta karatasi karibu na miwani. Pembeni ya amri ya thelathini na moja, kando ya ile rejista ya tatu, palikuwa na kinyota kidogo. Vinyota hivyo vilikuwa vingi kwenye karatasi zetu, tukavidhania uchafu wa utepe wa wino, kwa sababu kitabu cha maelekezo kilitufikia bila kurasa zake za mwisho. Akafuata rejista moja baada ya nyingine kwa ncha ya penseli. Kwa kila rejista, kinyota kilikuwa kwa yule anayechukua namba iliyomo mara ya mwisho. Baada ya kinyota, rejista ni huru. Kabla yake, hapana.

“Binti,” akasema, “kwenu mama anaitwa kwa mtoto yupi?”

“Wa kwanza.”

“Na anapumzika akimalizana na yupi?”

Yeye alikuwa akizungumzia kikombe, na hakujua lolote kuhusu Didia. Nilisingizia kwamba baridi ya kiyoyozi imeniingia machoni.

Kurekebisha hakukuwa kazi kubwa. Ile amri ngeni tuliipa kikombe cha saba, na majina tukayabadilisha: kila mama akaitwa kwa kitinda mimba wake. Yalikuwa majina ya ajabu masikioni, na mkuu wangu mara kwa mara alijisahau akarudia ya zamani, lakini hatukumwaga tena uji wa mtu.

Msimu ukafunguliwa. Malori yalitoka Tinde, yakatoka Didia kwetu, yamejaa mpaka pamba inaning'inia kwenye miti ya barabarani. Yalipita mizani moja baada ya jingine. Karani alisimama na kalamu yake mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akaiweka mfukoni akaja kwetu kupunga upepo. Meneja hakutusifu, hakuwa mtu wa kusifu, lakini kabla pamba haijaisha mashambani niliitwa ofisini kwake, nikathibitishwa kazini.

Jumapili ile niliona basi la Didia linatambaa. Nilikuwa na sukari, sabuni na kitenge, na kichwani nilikuwa nimepanga namna nitakavyomwambia kwamba nimethibitishwa. Nilimkuta mama kivulini mwa nyumba akichagua choroko kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: “Hawawezi kukutoa tena?”

Nikamwambia hawawezi.

Aliendelea kuchagua choroko mpaka zikaisha. Kisha akainuka, akaingia ndani, na nikamsikia akishusha vitu kutoka darini. Nilidhani anatafuta michembe ya viazi vitamu ya kunipikia. Alikuwa anafunga mizigo. Jioni hiyo hiyo kuku walikwenda kwa jirani, na jembe alimpa mke wa mjomba wangu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vigelegele. Niliyataka haya kwa miaka, niliyahangaikia kwa vikombe na mbegu, na yalipofika nilitamani kuyameza maneno yangu niende kuwa mwalimu tena.

Kaka alikuja kumchukua. Walipita Shinyanga mjini kupanda basi la Mwanza, wakavuke ziwa kwa kivuko waende Geita. Niliomba ruhusa kazini nikawasindikiza stendi. Mkuu wangu aliniongezea pakiti ya biskuti kutoka duka la baba yake, akasema ni za mama, asizigawe njiani. Watu wa Didia waliokuwa stendi walimwita mama kwa jina la kaka, wakampa salamu za kupeleka, naye akazipokea zote. Alikaa dirishani akiwa amekumbatia furushi lake na zile biskuti. Alionekana amepumzika. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, na nilifurahi, na nilikuwa nalia.

Dereva akapiga honi. Mama akatoa mkono dirishani, nikaushika.

“Kuna kitu bado unakihitaji kwangu?” akaniuliza.

Nilijua mtoto mwenye kazi yake anatakiwa ajibu nini.

“Hapana, mayu.”

Akatikisa kichwa kukubali, akaurudisha mkono ndani, na basi likaondoka. Alikaa Geita miaka yake yote iliyobaki chini ya bati la kaka, magoti yakapona kiasi. Nilimtembelea kila nilipoweza, lakini tangu siku ile nilikuwa mgeni wake, alinikaribisha kiti. Karatasi za kompaila niliendelea kuzisoma mpaka mashine ile ikachakaa, na kila nilipokutana na kinyota niliirudia ile stendi kichwani. Nilitakiwa kusema ndiyo, bado. Namjua mama yangu. Angeshuka.