Fundo la Kikoi cha Bakari

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jogoo. Nilikuwa nimevaa buibui jipya na kujipaka marashi, nikidhani nakwenda kuketi mbele ya mashine ya kupigia chapa. Karani Mkuu wa mahakama yetu ndogo huku kusini, mzee wa Jego aliyependa kofia zake zipigwe pasi mpaka zikakamae, aliitikia shikamoo yangu, akanipeleka uani na kunionyesha jogoo aliyefungwa mguu kwenye nguzo.

"Huyu ni kielelezo, Mwanakombo. Mlalamikaji anasema ni wake, na mshtakiwa anasema ni wake. Mpaka hakimu aamue, ni wako wewe."

"Nimlishe?"

"Ukimlisha akanenepa, mlalamikaji atasema si yule. Usipomlisha akafa, utakuja kumwambia nini hakimu?"

Ndivyo nilivyoanza kazi ya kutunza vielelezo, yaani vitu vinavyoletwa mahakamani kuthibitisha maneno ya watu. Nyinyi mnaoanza leo mna kompyuta na kamera kila pembe. Sisi tulikuwa na stoo moja yenye joto la tanuri, iliyojaa mapanga, baiskeli, nguo za watu na magunia ya bangi yaliyonipa maumivu ya kichwa tangu asubuhi. Kila kitu kilifungwa, kikapigwa lakiri, ile nta nyekundu ya kuzibia, kikabandikwa lebo na kuandikwa daftarini. Aliyekileta alitia sahihi, na aliyekichukua alitia sahihi. Kitu kikipita mkono mmoja usioandikwa, wakili mzuri atakichanachana mbele ya jaji.

Karani Mkuu alinipa kanuni mbili. Ya kwanza: "Kielelezo kinakaa kama kilivyokuja. Kimekuja na tope, kikae na tope. Kimekuja na fundo, fundo usilifungue." Ya pili: "Mtunza vielelezo hana mdomo. Ukiulizwa, sema lililo daftarini, kisha unyamaze." Nilizishika zote mbili kama sala. Ile ya kwanza ilimwokoa mtu. Ile ya pili ilimfunga miaka kumi na moja, na mimi nilishiriki.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa mahakama kubwa ng'ambo ya kivuko, chini ya Naibu Msajili, mama wa bara aliyetembea upesi na kusalimu akiwa ameshakupita. Huko ndiko ilikoletwa kesi ya Bakari.

Bakari alikuwa mkulima wa Waa. Baba yake alikutwa asubuhi moja nyumbani kwake amepigwa kichwani, na aliyemkuta ni Bakari mwenyewe. Wiki hiyo majirani walikuwa wamewasikia wakigombana juu ya shamba la minazi. Kikoi cha Bakari kilikuwa na damu, na upande mmoja kilikuwa kimeraruliwa utepe mzima. Upande wa mashtaka ukasema utepe ule uliraruka baba na mwana walipokuwa wakivutana. Bakari akasema sivyo: baba alikata roho mikononi mwake, akamfumba macho, kisha akararua kikoi chake akamfunga taya, kama tunavyomfanyia maiti kwetu kabla hajakakamaa. Wakamuuliza, kitambaa kiko wapi? Waosha maiti walipoitwa walisema hawakukiona. Jaji akaandika kwamba mshtakiwa ametunga uongo juu ya maiti ya baba yake, na mtu wa uongo kama huo haaminiki kwa lolote. Bakari akapewa kifungo cha maisha.

Sasa nisikilizeni. Kitambaa nilikuwa nacho mimi.

Kilikuja siku nyingi baada ya kikoi, ndani ya bahasha kutoka hospitali. Wahudumu walikivua kichwani mwa marehemu kabla ya daktari kumpasua, bila kukifungua, na mpelelezi, mgeni wa huku, akaandika juu ya bahasha "kitambaa" na namba ya jalada, basi. Nilipochungulia ndani nilijua mara moja ni cha nini. Mtu wa Pwani atakosaje kujua? Utepe uliozungushwa, umefungwa fundo la utosini. Nikasema innalillahi, nikakipiga lakiri, nikakiandika kwenye ukurasa wa tarehe kilipofika, mbali na ukurasa wa kikoi, nikaenda kunywa chai. Ukumbini sikuwa naingia. Sikujua kwamba huko ndani mtu anaomba kitambaa kile kwa machozi. Waliniagiza kikoi, nikatoa kikoi. Kuhusu bahasha hakuna aliyeuliza, nami sikuwa na mdomo.

Nikastaafu, nikarudi kwetu Msambweni, nikawa nafuga kuku wasiogombaniwa na mtu. Halafu mwaka juzi kesi ile ikafufuka. Dada yake Bakari, Mwanasha, hakuchoka kuwaeleza watu, na vijana wa redio na wa simu wakaidaka. Kusini yote ikagawanyika. Ukisimama kununua mahamri utaulizwa wewe uko upande gani. Hata ndugu za marehemu hawakuwa wakialikana harusini.

Mimi nilikuwa Ukunda kwa fundi wangu wa cherehani, Saumu, napimwa dera, simu yake ikizungumza mezani. Kijana wa kipindi akasema, "Basi hilo ndilo swali, wasikilizaji. Kama kweli alimfunga baba yake taya, hicho kitambaa kiko wapi?"

"Muongo tu yule," Saumu akasema, pini mdomoni. "Kitambaa kinayeyuka? Inua mkono, mama."

Sikuweza kuinua mkono. Nilikaa chini na pini zangu mwilini.

Nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza, kwamba kunyamaza kwangu ndiko kulikomfunga Bakari; ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Kabla ya kustaafu niliandaa orodha ya vielelezo vya kuteketezwa, vitu vya kesi zilizokwisha, nikaitia sahihi kwa mkono wangu. Sikukumbuka kama bahasha ile ilikuwamo. Siku tatu nilijaribu kuukumbuka ukurasa ule na sikuuona. Niliwaza: nimemnyima mtu huyu ushahidi wake, kisha nimeuchoma moto.

Siku ya nne nilivuka kivuko nikiwa na Mwanasha, ambaye nilimtafuta mwenyewe na kumweleza kila kitu. Hakunitukana. Alisema tu, "Twende, mama." Mtunza vielelezo wa sasa, binti mpole, aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akatoa daftari langu la zamani. Nikaupata mwandiko wangu. Pembeni mwa namba ya bahasha nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Haikutolewa ukumbini. Isubiri." Hiyo ilikuwa tabia ya Karani Mkuu, kutoteketeza kitu ambacho jaji hajakiona. Nilikuwa nimeifuata bila hata kufikiri.

Binti akaingia stoo, akachelewa, akatoka na bahasha yenye vumbi. Lakiri ilikuwa nzima. Nililia mbele za watu, na sikuona haya.

Kesi ilipofunguliwa upya mbele ya majaji wa rufaa, mtaalamu alilaza utepe ule kando ya kikoi. Mistari ikaungana, nyuzi zikakutana. Fundo lilikuwa bado pale juu, utosini, na kitambaa hakikuwa na damu ila alama moja ya kidole. Majaji wakasema hukumu ya kwanza ilisimama juu ya uongo ambao haukuwapo. Bakari akaachiwa. Aliyemuua mzee hajulikani mpaka leo, na wapo Waa wanaobishana bado, lakini ndugu wameanza kualikana.

Kesi ikiisha, kielelezo hurudishiwa mwenyewe. Bakari aliniomba niende naye. Ana mvi sasa. Alitia sahihi, akapokea bahasha, tukaketi kwenye benchi la nje.

"Nilijua ni kitambaa cha taya siku kilipofika," nikamwambia. "Nilijua na sikumwambia mtu. Nisamehe, mwanangu."

Aliigeuza bahasha mikononi. "Na kwa nini hukulifungua fundo?"

"Tulikatazwa."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nililikaza vibaya. Mikono ilikuwa ikitetemeka."

Enyi mnaoshika madaftari leo, andikeni vizuri, pigeni lakiri, msifungue kitu. Lakini mkishaandika, inukeni mkamwambie mtu. Chai itawangoja. Mimi niliinywa yangu kwanza, na ilimgharimu Bakari miaka kumi na moja.

Pale kwenye benchi alikiweka kitambaa pajani, akalihangaikia fundo kwa kucha kwa muda mrefu. Sikumsaidia. Lilipolegea, alikinyoosha, akakikunja vizuri, akakitia mfuko wa shati, na tukaenda kupanda kivuko.