Shija Hakuwa Kiziwi

Juzi, dukani Somanda, kijana aliyetoka jela aliingia kununua sabuni, na watu wote wakanyamaza. Kimya kile nilikijua tangu utotoni, kule Nkololo.

Mchana ule mama alikuwa anapika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu yake tamu ilijaa uani. Jirani yetu Shija alikuja na kigae mkononi kuomba kaa la moto. "Mwadila, mayu," alisalimia. Mama akaendelea kukoroga. Akasalimia tena. Nilisikia chungu kikitokota, basi.

Nilidhani Shija amekuwa kiziwi, ndiyo maana hakuna anayejisumbua kumjibu. Alipoondoka nikamkimbilia, nikamsalimia kwa sauti kubwa. Aligeuka, akatazama huku na huku.

"Nyamaza, mwanangu. Watamtoza baba yako ng'ombe," Shija alininong'oneza.

Sikujua kwamba sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamemtangaza mwizi wa ng'ombe, na ni marufuku kumpa moto, maji, kibarua, hata salamu. Dume alilodaiwa kuliiba lilikuja kuonekana baadaye, limekufia kwenye tope la lambo. Lilipopotea, yowe lilipigwa mpaka vijiji vya mbali. Lilipoonekana, hakuna aliyepiga yowe, na Shija hakurudishiwa salamu yake.

Nilikuwa nimeshakua Shija alipokamatwa kijijini Zagayu akiwa na ndama wa watu, na safari hii aliiba kweli. Habari zilimkuta mama jikoni.

"Si tulisema," alisema, akaendelea kukoroga.