Ubao wa Bomani

Mpaka leo sielewi, na wote waliojaribu kunielewesha wamenichosha tu. Wanasema tulitangaziwa. Haya, tulitangaziwa lini?

Mama alikuwa na shamba moja, la maharage, kwenye mteremko nje ya Njombe, aliloachiwa na marehemu baba. Ndilo lililotulisha. Asubuhi moja tulikwenda kupalilia tukakuta vigingi vyeupe vimepigwa katikati ya mistari. Mama alikishika kimoja akakitikisa, kikagoma. Tukaacha majembe pale pale, tukaenda bomani.

Karani alikuwa kijana wa kwetu, kaptula imepigwa pasi. Alimwamkia Mama "Kamwene" kwa adabu zote, kisha akahamia Kiswahili cha ofisini. Akasema mteremko ule amepewa mzungu apande miti ya miwati. Tangazo lilibandikwa ubaoni tangu masika hadi mavuno: mwenye dai aje aseme. Hakuja mtu.

"Ubao upi?" Mama akauliza.

Karani akaonyesha kwa kalamu. Ubao ule! Sasa nani angeusoma? Kwetu ulikuwa ubao wa wadaiwa kodi. Mjomba wangu aliwahi kusimama pale kutazama kama jina lake limo. Tarishi akamshika bega hapo hapo, na mjomba akaishia kuponda mawe kwenye barabara ya Makambako kama mdaiwa kodi. Tangu siku hiyo kila mtu, hata mwenye stakabadhi mfukoni, akifika pale alitazama chini na kuongeza mwendo. Hata mimi niliyesoma shule ya misheni nilipita hivyo hivyo kila siku ya soko. Ndivyo watu wote walivyopita.

"Basi lete hilo tangazo, binti yangu alisome," Mama akasema.

"Limeshabanduliwa, Mama. Muda wake umekwisha. Sasa limo kwenye faili."

"Lete faili."

"Faili ni la serikali, Mama. Watu hawaruhusiwi kulisoma."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamwuliza karani, hii ni siri gani iliyokaa nje masika yote ikinyeshewa mvua? Akainamia karatasi zake. Labda aliona haya, labda tulimchosha, sijui.

Miwati ikapandwa. Tukawa tunalima vibarua kwenye mashamba ya watu. Na Mama, ambaye hakujua hata herufi moja, akaanza mtindo wake: kila siku ya soko anaweka kapu chini mbele ya ubao, anasimama wima, macho juu. Wapita njia walinong'ona kwamba siku hizi hata wajane wanadaiwa kodi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Soma," akaniambia siku ya kwanza.

Nikamsomea. Wenye mbwa wawafunge, kuna kichaa cha mbwa.

"Soma tena, taratibu. Huenda shamba limo."

Nikasoma tena.