Kaimu na Kiti Chake

Tangu mkuu mpya wa shule aripoti Makambako akitokea Lugarawa, kaimu aliyekuwa akishikilia nafasi hiyo huja kufundisha baiolojia amebeba kiti cha ofisini. Anafundisha kwa mikono. Wa kulia unashika dawati la mbele na kulipapasa, unapeleka ishara ndani, ndipo wa kushoto unaachia la nyuma.

"Hivyo ndivyo vipokezi, vile vishikizo vya kwenye utando, vinavyoisogeza seli," anasema kwa sauti ya mzee wa kanisa. "Isiyoachia nyuma haihami."

Rejoice wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona nyingine haiachii?"

"Ishara haijaifikia."

Mlangoni mkuu mpya, anayefanya kazi amesimama wiki nzima sasa, akakohoa. Kaimu akaketi, akakishika kiti kwa mikono yote miwili, akaendelea na somo.