Mechi ya Saba, Bila Kwaya

Saa nne na dakika saba asubuhi, Jumapili, mama wa yule binti niliyekuwa nikimtazama uwanjani alinipigia simu. Nilikuwa jikoni kwangu Laeken, Ubelgiji, daftari liko wazi mezani, na jibu nilikuwa nimeshaliandika kwa wino: bado.

"Tonton, leo hatutafika ku terrain ya mpira," alisema; tonton, yaani mjomba, ndivyo wote wanavyoniita. "Kuko ndoa, ni miye niko naimbisha chorale. Wewe uende, uangalie mara ya mwisho. Magaribi utuambie kama mutoto iko prêt, iko tayari, ao hapana."

"Na kama hapana?"

"Bon, kama hapana, kesho asubuhi nalipa ada ya ile académie ya vijana, arudie mwaka."

Mimi ni fundi wa lifti. Kwa miaka kumi na minane nimekagua lifti za majengo ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord. Mpira wa magongo, yaani hoki, nilijifunza mwenyewe, nikiwa nimesimama pembeni mwa uwanja wakati binti yangu alipoucheza. Yeye aliacha akiwa na miaka kumi na mitatu, mimi sikuacha. Nilisoma kitabu cha sheria mara tatu, nikatazama mechi za zamani kwenye kompyuta nikizisimamisha kila baada ya sekunde chache, nikaandika nilichokiona. Baadaye makocha wa vijana wakaanza kuniomba karatasi zangu. Kwa Wakongo wenzangu wa parokia yetu, ambao wengi wanajua kandanda tu, hilo lilitosha kunifanya mtaalamu.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na minane, kiungo. Klabu moja ya daraja la juu ilimpa nafasi katika kikosi cha kwanza, kwa mkataba wa kulipwa, na ilitaka jibu Jumatatu. Akienda kabla hajaiva, angekaa benchi msimu mzima na huenda asiitwe tena popote. Akikataa ilhali ameiva, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mama yake alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba neno langu ndilo litakalofuatwa. Wiki ile sikulala vizuri.

Siandiki mabao. Bao linaweza kuwa bahati. Naandika mambo mawili: mchezaji anatazama nyuma ya bega lake mara ngapi kabla mpira haujamfikia, na anakaa nao sekunde ngapi kabla ya kuutoa. Kwenye timu za vijana unaweza kukaa na mpira sekunde nne au tano, ukapita watu wawili, ukashangiliwa. Kwa watu wazima wanaolipwa, ikifika sekunde ya tatu gongo la mpinzani limeshaugusa. Katika mechi sita nilizomtazama, binti alikaa na mpira muda mrefu mno na alitazama nyuma mara chache. Zote sita, hakuna iliyotofautiana.

Nusura nisiende. Nilipanda tramu kwa sababu tu nilikuwa nimemwambia mama yake kwamba nitakwenda.

Kocha wa vijana, Mbelgiji mrefu asiyependa maneno mengi, alitazama nyuma yangu kana kwamba kuna kitu kimepotea.

"Leo hakuna okestra?"

"Wako kwenye ndoa."

"Masikio yangu yanawashukuru maharusi."

Mama wa binti na watu wa kwaya walikuwa na desturi ya kuja moja kwa moja kutoka misani, na ngoma na kayamba, ndani ya gari la kukodi. Mimi sina gari, kwa hiyo kila mara nilikuja nao. Mpira ukifika kwenye gongo la binti, ngoma ilianza na jina lake likaimbwa kwa sauti nne.

Binti alikuja hadi kwenye uzio akifunga nywele.

"Tonton, uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Hata ngoma?"

"Hata ngoma."

Akacheka, akarudi uwanjani akikimbia.

Dakika kumi za kwanza nilidhani saa yangu ina kasoro. Sekunde mbili. Sekunde moja na nusu. Mbili. Alitazama bega la kushoto, bega la kulia, mpira ukafika na hapohapo ukaondoka. Mara moja aliupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo, mabeki wawili wanamjia, akausukuma kwa mguso mmoja kwenda kwa winga ambaye mimi mwenyewe sikuwa nimemwona. Hakuna aliyepiga makofi.

Hapo nikaona kosa langu. Hakuna fundi anayekagua lifti ikiwa na mzigo tu. Tunaipima tupu, kisha tunaipima na mzigo, halafu tunalinganisha. Mimi nilikuwa nimempima mtoto wa watu mara sita akiwa na mzigo wa ngoma na kwaya, nikaandika kwamba mashine ndiyo mbovu.

Lakini mechi moja haitoshi kufuta sita. Wakati wa mapumziko nilimuuliza kocha kuhusu mechi za ugenini, ambako kwaya huwa haifiki.

"Anacheza hivihivi," alisema. "Nilidhani unajua."

Mechi ilipokwisha nilimuuliza binti mwenyewe kwa nini leo ameutoa mpira haraka.

"Tonton, nikiutoa wananyamaza. Ngoma inasimama. Na mama akinyamaza, unamujua."

"Namjua."

"Donc nabaki nao kidogo, wafurahi." Akainamisha kichwa. "Miye nataka kwenda kule. Lakini mama anasikia wewe."

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa sebuleni kwao. Mama alikuwa bado na kitenge cha ndoa, na kaka mkubwa wa mama ameketi kwenye kiti cha katikati. Binti alisimama mlangoni.

"Yuko tayari," nilisema. "Ninyi ndio bado."

Nikawaeleza yote, pamoja na kosa langu, na nikawaonyesha kurasa saba za daftari. Mama alizipitia kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Donc ni miye nilikuwa nafunga mutoto wangu miguu?"

"Wewe na ngoma. Na mimi niliyeandika bila kufikiri."

"Alors tuimbe wakati gani?"

"Akishautoa mpira."

Kaka mkubwa akainuka nusu. "Mpira ukienda kwa muzungu, ndio tupige ngoma?"

"Ndiyo, papa. Hapohapo."

"Ah! Hoki ni mambo ya kupinduka!"

Mama alianza kucheka, akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na binti akaja kumkumbatia. Nililetewa sahani ya chakula kilichobaki ndoani, nikala yote, kitu ambacho sikuwa nimeweza kufanya siku kadhaa.

Jumatatu asubuhi binti alitia saini. Ada ya académie haikulipwa, na mama alinionyesha kwenye simu yake pesa za ada hiyo zilizobaki benki: euro elfu tatu mia nane na hamsini.