Ghislaine Vuillermoz: Mtengeneza jibini aliyedai haki ya kuambiwa

Ni asubuhi ya baridi, na Ghislaine Vuillermoz ameinama juu ya sufuria kubwa ya shaba iliyojaa maziwa ya familia kumi na moja. Mkono wake wa kushoto umezama hadi kiwiko, sambamba na wa mwenzake wa kazi, Josiane Perrard. Ghislaine anachota chenga za maziwa yaliyoganda, anazibana kiganjani, kisha anafumbua ngumi na kutazama kama zimeshikana au zinabomoka.

"Bado," anasema, anazirudisha.

"Jana ulisema bado mpaka nikazeeka," anamtania Régis Jacquemin, mfugaji na mwenyekiti wa ushirika, ambaye ameshaleta maziwa yake lakini hana haraka ya kuondoka.

"Hukuzeeka jana, Régis. Ulikuja hapa mzee tayari."

Mkono wa kulia wa Ghislaine hauingii tena ndani ya sufuria. Unashika ndoo, unafungua bomba, unafuta meza. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata havihisi kitu. Ashike barafu au mkate uliotoka tanurini, kwake ni mamoja.

Ghislaine ana miaka hamsini na minne, na amekuwa akitengeneza jibini katika milima hii ya Jura, mashariki mwa Ufaransa, tangu akiwa msichana. Joto la maziwa lina kipimo chake ukutani. Wakati wa kuitoa jibini ndani ya sufuria hauna kipimo ila kiganja. Ukiwahi, maji hubaki ndani, na jibini huharibika polepole ghalani bila mtu kujua, hadi miezi ipite.

Miaka minne iliyopita mkono wa kulia ulianza kuwaka moto. "Nilikuwa nalia usiku mpaka mume wangu Noël anahamia jikoni," anasimulia. "Yule mtu hulala hata radi ipige, lakini kwa kilio changu alishindwa."

Alikwenda kliniki moja binafsi mjini, akakutana na daktari wa upasuaji, Étienne Marandon. Anamkumbuka kama mtu mwema mwenye haraka. "Aliniambia, 'Mama, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono; kuupasulia nafasi ni jambo dogo, siku hiyohiyo utarudi nyumbani.' Nikatia sahihi. Nani angekataa jambo dogo?"

Maumivu yalikwisha. Ganzi haikwisha. Daktari alimwambia hisia zitarudi, naye akaamini, akarudi kazini, akawa anabana chenga kwa mkono usiosema kitu huku akijidanganya kwamba unaanza kusema.

Miezi mitano baadaye, jibini zilianza kuvimba na kupasuka rafuni. Katika ushirika maziwa ya wote huchanganywa, kwa hiyo hasara ya sufuria moja huingia kila nyumba.

"Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali," anasema Ghislaine. "Walikuwa wananisalimia kwa upole, kama watu waliokuja kuhani msiba."

Régis alipanga kikao cha wanachama kuamua kama Ghislaine aondolewe. Ni hapo Ghislaine alipokwenda kwa wakili. Hakutaka utajiri, alitaka mtu mwenye mamlaka atamke kwamba haukuwa uzembe wake, na abaki kwenye sufuria yake.

Wakili, Hortense Arbez, alimweleza bila kumpamba. Sheria ya Ufaransa haimbebeshi daktari lawama kwa sababu tu mgonjwa hakupona; sharti kosa lionekane. Lakini daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari za kisu chake, na yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba alieleza, wala si mgonjwa wa kuthibitisha kwamba hakuelezwa. Akishindwa, na ikaonekana kwamba mgonjwa angeweza kukataa, mgonjwa hulipwa kwa ile nafasi aliyopoteza ya kuuepuka mkasa.

Mahakama iliteua daktari mtaalamu wa kuichunguza kesi. Siku hiyo wote walikaa chumba kimoja: mtaalamu, mawakili, daktari wa kampuni ya bima ya Marandon, Marandon mwenyewe, na Ghislaine aliyekuwa akichomwa vidole kwa sindano na kuulizwa kama anahisi. Mtaalamu aliona kwamba upasuaji ulifanywa ipasavyo. Mshipa wa fahamu ulikuwa umeumia kwa ajali nadra, ambayo kila daktari wa mkono anaifahamu.

Ukabaki ukimya wa daktari kabla ya upasuaji, pamoja na swali moja. Nje, Hortense alikuwa amemwonya: "Mama, likija lile swali, usikurupuke. Jibu lake unalijua wewe peke yako."

Swali lilitoka kwa daktari wa bima. "Ungeambiwa hatari hii, ungekataa kupasuliwa?"

Ghislaine alivitazama vidole vyake vilivyochomwa sindano.

"Nisingekataa," alisema. "Nilikuwa naumia. Ningepasuliwa tu."

Hortense alifumba macho.

"Lakini ningejiandaa," Ghislaine aliendelea. "Ningeufundisha mkono wa kushoto kwanza. Ningemwachia mwenzangu sufuria. Nisingetia kwenye maziwa ya watu mkono uliokufa huku nangoja ufufuke."

Hapo Marandon akasema, "Sikumwambia." Daktari wa bima alimgusa bega ili anyamaze. Akarudia. "Upasuaji huu nimeufanya mara nyingi mno. Nikasahau kwamba yeye anafanyiwa mara ya kwanza."

Hukumu ilifuata njia hiyohiyo. Kisu hakikukosea, wala hakuna nafasi iliyopotea, kwa kuwa mwenyewe alikiri angekubali. Lakini kukutwa na balaa bila kuandaliwa ni dhara peke yake, na kwa hilo Marandon aliamriwa kulipa euro elfu sita, kiasi kidogo sana kuliko alichoomba wakili.

"Hortense alinuna wiki nzima," Ghislaine anasema. "Aliniambia, 'Ukweli wako ni ghali, mama.' Nikamwambia amlaumu mama yangu, ndiye aliyenilea."

Kikao cha ushirika, kilichoahirishwa kungoja hukumu, kilifanyika, na Régis ndiye aliyeisoma hukumu kwa sauti. Alipomaliza alimgeukia mbele ya wote. "Tulikuonea," alisema, na hoja ya kumwondoa haikupigiwa kura.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na Ghislaine sasa anaishi ndani ya methali hiyo. Tangu vuli iliyopita mkono wa kushoto nao umeanza kuwaka moto. Ugonjwa ni uleule. Mkono usipopasuliwa utakufa ganzi taratibu. Ukipasuliwa unaweza kupona, au kumfuata mwenzake.

Amemchagua Marandon.

"Una wazimu?" Noël alimuuliza. "Huyo huyo?"

"Huyo huyo. Madaktari wengine sijui wakibanwa watasema nini. Yeye nimemsikia."

Safari hii Marandon alimweleza kwa muda mrefu, akamchorea mshipa kwenye karatasi, akamuuliza kama angependa kutibiwa na mwingine. Upasuaji ni baada ya Pasaka. Hadi siku hiyo, kila asubuhi Josiane anatia mkono sambamba na wake, na neno la mwisho la kuitoa jibini ni la Josiane, hata pale Ghislaine anapotamani kumpinga.

"Naomba nibaki na mkono huu, kwa kuwa ndio uliobaki kuhisi," anasema, akikausha vidole kimoja kimoja kwa taulo. "Lakini nikiupoteza, safari hii nitakuwa nimeuaga."